Bastola ya kijeshi ya bei poa kwa anayeanza: Makarov, Tokarev, 1911 au 9mm ya kawaida?

#1 Kipanga_wa_Dallas
Wakuu, habari za humu. Niko Texas, makaratasi yangu ya ukaazi wa kudumu yalishatoka, miaka 21 niliipita zamani sana (msicheke), rekodi safi. Nataka kununua bastola yangu ya kwanza. Si ya kutembea nayo kiunoni. Ni ya kwenda renji (uwanja wa kulenga shabaha) Jumamosi na wenzangu wa kazini, ikirudi inalala kwenye kabati la chuma.

Ninachotaka ni ile ya kijeshi ya asili: chuma kitupu, haina plastiki, haina reli ya kufungia tochi, haina mbwembwe. Bajeti dola 500, na humo humo nipate boksi za risasi za kuanzia. Jamaa mmoja kazini ananisukuma kwenye Makarov, ile ya Kirusi. Mwingine anasema bila 1911, ile .45 ya jeshi la Marekani, sijanunua kitu. Wa tatu ana Tokarev ya Kiserbia na hasemi lolote, anatabasamu tu.

Msimamo wangu: karatasi ya shabaha haijui imetobolewa na kaliba (upana wa risasi) gani. Nanunua iliyo rahisi kuliko zote, basi. Nipingeni.

#2 Fundi_Chuma
Karibu mkuu. Hapo kwenye "iliyo rahisi kuliko zote" ndipo watu wanapopigwa. Bastola unainunua mara moja, risasi unazinunua kila wiki. Ukipiga boksi mbili kila Jumamosi, yaani risasi 100, haipiti muda mrefu hela ya risasi inaipita hela ya bastola yenyewe.

Ukiacha .22 ya kuulia sungura, 9×19 (hiyo 9mm ya kawaida) ndiyo risasi ya bastola ya bei ya chini hapa Marekani, kwa sababu majeshi ya NATO, polisi na raia wote wanaitumia na viwanda vinaifyatua usiku na mchana. .45 inakwenda mara moja na nusu mpaka mara mbili ya bei hiyo. Za Makarov na Tokarev nazo ziko huko huko juu, na kwenye duka la kawaida unaweza usizikute kabisa. Chagua risasi kwanza, halafu tafuta bastola inayoila.

#3 Sajini_Mstaafu
Nipo Morogoro, nasoma tu. Vijana mnachagua bastola kama mnachagua viatu vya harusi. Zama zetu bastola ilikuwa ya ofisa, sisi wengine ni bunduki za SMG na SAR, na hukuulizwa unapenda kaliba gani. Lakini kwa kuwa umeuliza: Makarov. Haina maneno. Unatoa magazini, unahakikisha chemba ni tupu, unavuta chini kile kikingio cha triga, unarudisha slaidi (kile chuma cha juu) nyuma na kuinyanyua, imefunguka. Hakuna pini ya kutafuta chini ya meza. Risasi nane, gramu 730, mfukoni huisikii.

#4 Njiwa_Mtaani
Afande ameamka leo 😂 Ila afande, na wewe hiyo Makarov uliifungulia wapi kama bastola zilikuwa za maofisa?

#5 Sajini_Mstaafu
Na zilikuwa zinasafishwa na nani, wewe Njiwa?

#6 Kobe_Taratibu
Mbona Fundi anazunguka? Makarov ni 9mm. Mleta mada anunue Makarov halafu aiweke hizo hizo 9mm za bei rahisi. Mada imefungwa.

#7 Fundi_Chuma
Kobe, usimwumize mtu. Kuna 9mm tatu zinazochanganya watu, na hazibadilishani:

9×17 ndiyo .380, fupi, ya bastola ndogo za mfukoni. 9×18 ndiyo ya Makarov. 9×19 ndiyo Parabellum ya Georg Luger, ya tangu 1902, na ndiyo ambayo watu wengi wanaimaanisha wakisema "9mm" bila kuongeza neno.

Tena tofauti si urefu wa ganda tu. Kichwa cha risasi ya Makarov kina kipenyo cha kama milimita 9.27, cha 9×19 ni kama 9.01. Warusi walipima kwenye sehemu tofauti ya mtutu, ndiyo maana jina linadanganya. Usijaribu kuingiza hii kwenye ile. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, kisha soma boksi, kisha soma tena mtutu.

#8 Kobe_Taratibu
Sawa, nimeelewa. Lakini basi Warusi walikuwa na akili gani kutengeneza 9mm yao peke yao? Mimi nilisikia walifanya makusudi ili adui akiteka ghala lao asiweze kutumia risasi.

#9 Mpekua_Kumbukumbu
Hiyo hadithi inapendwa sana na ina tobo kubwa. Mashindano yaliyoizaa Makarov yalianza 1945, bastola ikapitishwa 1951. NATO yenyewe imezaliwa 1949. Mmarekani wakati huo alikuwa anatumia .45 na aliendelea nayo mpaka 1985 alipochukua Beretta. Hiyo "9mm ya adui" ambayo Mrusi alikuwa anaikimbia ilikuwa ya nani?

Sababu yenye uzito ni ufundi. Makarov haina kufuli la mtutu. Mtutu umekazwa kwenye fremu, na kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi basi. Mtindo huo ni rahisi kutengeneza na ni imara, ila una kikomo cha nguvu. 9×18 ndiyo inakaribia kikomo hicho bila kuhitaji slaidi nzito kama tofali. Ukitaka 9×19 kwa usalama kwenye bastola ya ukubwa wa kawaida, inakubidi uweke kufuli, na gharama inapanda.

#10 Mtoto_wa_Bukavu
Mpekua, hiyo ni nusu. Wajerumani kabla ya vita walikuwa tayari na 9×18 yao, ile Ultra, na Walther PP ndiyo mama wa Makarov kwa umbo. Mrusi aliingia Ujerumani 1945 akakuta michoro na mashine. Minaona alichukua wazo likiwa limeiva.

#11 Mpekua_Kumbukumbu
Kwamba Makarov iliangalia Walther PP, hilo halina ubishi. Kwamba risasi nayo ni ile ile, hapana, vipimo ni tofauti. Wazo la "katikati ya .380 na Parabellum" ndilo linafanana.

#12 Sajini_Mstaafu
Mnatafuta mbali. AK ilipoingia, ile bunduki fupi ya PPSh ikaanza kupoteza kazi. PPSh na Tokarev zilikuwa zinakula risasi moja, 7.62×25. Sasa kama PPSh inaondoka, bastola ya nini tena kubaki na risasi kali ya kupiga mita 200? Bastola ikarudi kuwa ya mkanda wa ofisa na polisi. Wakaipa risasi ya upole. Imeisha.

#13 Mama_Tumaini
Hamjambo. Mnajadili Stalin na mwenzenu anataka kwenda dukani 😅

Mimi niko Minnesota, ni nesi, nina bastola mwaka wa kadhaa sasa. Kipanga, ushauri ambao hakuna aliyekupa: kodisha kwanza. Renji nyingi zina bastola za kukodisha, unalipa kidogo na kununua risasi zao. Hiyo ya slaidi kushikiliwa na springi tupu, kama alivyoeleza Mpekua, ina maana springi ni ngumu. Mtu mwenye mikono midogo au kidole kinachouma atahangaika kukoki. Tena inakurudishia mkononi kwa ukali kuliko unavyotegemea ukisikia "risasi ndogo". Zile binamu zake nyepesi ndizo usiseme: PA-63 ya Hungaria ina fremu ya alumini, P-64 ya Poland ni ndogo na triga yake ya mvuto wa kwanza ni nzito ajabu. Zinauzwa rahisi kwa sababu watu wakishazipiga mara moja wanaziuza.

Halafu angalia sheria ya jimbo lako. Huku kwetu kununua bastola dukani unahitaji kwanza kibali cha polisi. Texas hawana hilo.

#14 Kipanga_wa_Dallas
Asante Mama Tumaini, hilo la kukodisha nimelichukua. Fundi, nimeanza kulainika kuhusu risasi, lakini yule wa Tokarev mbona anaonekana ana raha kuliko wote?

#15 Baruti_Kavu
Kwa sababu Tokarev ni raha! Niko Arizona, ninayo Zastava M57 ya Kragujevac. Tokarev za wengine zinachukua risasi nane, Mserbia akarefusha kishikio zikawa tisa. Kichwa cha gramu tano na nusu kinatoka kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Mlio wake watu wa meza ya pili wanageuka. Risasi inakwenda imenyooka, mkono hauteseki sana kwa sababu kichwa ni chepesi. Na ni nyembamba, inalala vizuri.

Kwa ufundi Fedor Tokarev alikuwa mjanja. Kufuli la mtutu ameliazima kwa Browning, la 1911 kabisa, lakini mtambo mzima wa nyundo unatoka kama kipande kimoja unashika mkononi. Na midomo inayoongoza risasi ameichonga kwenye chuma cha bastola, kwa hiyo magazini ikipinda kidogo bado inalisha.

#16 Fundi_Chuma
Kweli yote. Sasa mwambie na ya upande wa pili. Tokarev ya asili haina sefti (kizuizi cha usalama). Ina kile kituo cha nusu ya nyundo tu. Zilizoingizwa Marekani zimeongezewa sefti kwa sababu sheria ya 1968 ya silaha inataka bastola inayoingizwa ipate pointi fulani, na sefti ni mojawapo ya pointi hizo. Nyingine ziliongezewa vizuri, nyingine unaona kabisa ni kazi ya Ijumaa jioni.

Na risasi za bei rahisi za 7.62×25 ndizo zilizowaponza watu. Zile za makopo ya enzi za vita baridi zina fataki (kiwashio cha risasi) za chumvi. Ukipiga ukarudi nyumbani ukapaka mafuta ukalala, asubuhi mtutu una kutu. Chumvi haiondoki kwa mafuta, inaondoka kwa maji. Maji ya moto kwenye mtutu, kausha, ndipo mafuta.

#17 Binti_Pangani
Mtu wa pwani hilo halihitaji kufundishwa 😄 Mabati yetu yanajua.

#18 Baruti_Kavu
Fundi, hayo makopo yenyewe yako wapi siku hizi? Yalishakwisha. Sasa hivi ni PPU ya Serbia na Sellier & Bellot ya Cheki, fataki za kisasa, hazina chumvi. Bei ndiyo imekuwa nyingine.

#19 Fundi_Chuma
Ndiyo hoja yangu ya #2 inarudi. Miaka ya nyuma Makarov ulikuwa unaipata chini ya dola 200, na risasi za Kirusi za ganda la chuma zilikuwa za kumwaga. Septemba 2021 Marekani ikafunga vibali vipya vya kuingiza risasi za Urusi, na hizo ndizo zilizokuwa zinafanya 9×18 iwe ya mtu wa kawaida. Za Norinco za China zilishafungiwa tangu 1994. Kwa hiyo ukisoma makala ya zamani mtandaoni inayosema "nunua Makarov, ni bei ya kutupwa", angalia tarehe.

#20 Buda_wa_Thika
Sasa nyinyi mnaacha mzee wa kazi nje. Huku Kenya ukisikiliza taarifa ya habari, bastola ina jina moja: Ceska. Mlinzi wa mheshimiwa ana Ceska, polisi ana Ceska, jambazi ameshikwa na Ceska. CZ 75 ni chuma kitupu, 9×19, inakaa mkononi vizuri kuliko zote mlizotaja. Kipanga, tafuta hiyo.

#21 Mpekua_Kumbukumbu
Na ina kichekesho chake. Imebuniwa Czechoslovakia katikati ya nchi za mkataba wa Warsaw, halafu jeshi lao wenyewe halikuichukua, kwa sababu ilikuwa ya 9×19 na wao walitakiwa kufuata risasi ya Mrusi. Wakaiuza nje kupata fedha za kigeni. Askari wao akapewa CZ 82, ya 9×18, risasi kumi na mbili. Kwa hiyo kwa ukali wa maneno ya mleta mada, CZ 75 ilizaliwa ya biashara.

#22 Buda_wa_Thika
Mpekua, iko kwenye viuno vya polisi wa nchi ngapi? Hiyo ni ya kijeshi.

#23 Kobe_Taratibu
CZ 82 ndiyo nimeipenda. Risasi 12 kwa mwili mdogo hivyo.

#24 Fundi_Chuma
CZ 82 ni bastola nzuri kuliko bei yake ilivyowahi kuwa. Lakini bado unarudi kwenye 9×18.
CZ 75 mpya haiingii kwenye dola 500, Buda. Labda iliyotumika, au ndugu zake: Tanfoglio ya Italia, Sarsılmaz ya Uturuki.

#25 Mtoto_wa_Bukavu
Kwetu wakubwa waliijua moja tu, GP. Ile Browning ya Herstal ya 1935. Browning mwenyewe alifariki 1926 huko huko kiwandani Ubelgiji, kazi ikamaliziwa na Dieudonné Saive. Risasi 13 kwenye miaka ile, wakati 1911 ina saba! Mwingereza aliitumia mpaka 2013 ndipo akachukua Glock. Hiyo njo bastola ya kijeshi ya 9×19 kweli kweli, Kipanga unapata vyote viwili: chuma na risasi rahisi.

Ya Ubelgiji ya zamani ni ghali, usijidanganye. Lakini Waturuki wanaikopi: Girsan na Tisaş. Hizo zinakaribia mfuko wako.

#26 Njiwa_Mtaani
Hata huku Bongo, polisi wakikamata mtu gazetini utaona "bastola aina ya Browning". Na "aina ya Star". Nilidhani kuna aina mbili tu duniani.

#27 Fundi_Chuma
Bukavu umenena. Tahadhari moja: GP ya asili ina kizuizi cha magazini. Ukitoa magazini, triga haifanyi kazi. Wengine wanakipenda kwa usalama, wengine wanalalamika kwamba kinafanya triga iwe na mchanga mchanga. Baadhi ya kopi hazina. Uliza kabla ya kulipa, na uliza pia magazini za ziada ni za bei gani. Watu wengi wanasahau magazini kwenye hesabu.

#28 Simba_wa_Boma
Nimesoma kurasa zote hizi hakuna mwanaume aliyetaja .45 kwa heshima yake. 1911! Imepitishwa tarehe 29 Machi 1911, ikatoka jeshini kama silaha kuu 1985. Miaka zaidi ya sabini. Kwa nini? Kwa sababu Wamarekani kule Ufilipino walipiga Wamoro, wapiganaji wa huko, kwa .38 mtu anakuja tu na panga lake. Wakatafuta kitu cha kumsimamisha. .45 haina mjadala.

#29 Mpekua_Kumbukumbu
Hadithi ya Wamoro ina ukweli ndani yake, ila hapo katikati umeruka kitu. Mwaka 1904 maofisa wa jeshi Thompson na LaGarde walifanya majaribio Chicago kwenye machinjio, wakapiga ng'ombe na maiti za watu kwa kaliba mbalimbali, wakaandika kwamba jeshi lichukue isiyopungua .45. Majaribio yenyewe yamepingwa tangu siku zile: wanyama wachache, vipimo havilingani. Lakini ripoti ilibaki, na bastola ikajengwa kuizunguka.

#30 Fundi_Chuma
Na tukija kwenye hesabu, nguvu haipishani sana. .45 ni kichwa cha gramu 15 kwa mita 255 hivi kwa sekunde. 9×19 ni gramu 8 kwa mita 350. Ukipiga hesabu ya jouli zote mbili zinaangukia kwenye mia nne na tisini hivi. Tokarev inagusa mia tano. Makarov ndiyo iko chini, mia tatu tu. Kwenye karatasi ya shabaha hakuna tofauti yoyote, hapo mleta mada yuko sahihi.

#31 Simba_wa_Boma
Jouli hazimsimamishi mtu. Tundu ndilo linamsimamisha.

#32 Mama_Tumaini
Nimefanya kazi chumba cha dharura. Mahali risasi ilipopita ndiko kunakoamua, si jina la risasi. Sitasema zaidi.

#33 Baruti_Kavu
FBI wenyewe walizunguka mduara mzima. Baada ya mapambano yao na majambazi kule Miami, Aprili 1986, wakalaumu 9mm, wakahamia 10mm, ikawa kali kwa wengi, ikazaliwa .40 mwaka 1990, na kwenye miaka ya 2010 wakarudi 9mm wakisema vichwa vya risasi vya kisasa vimeboreka.

#34 Simba_wa_Boma
Wamerudi kwa sababu ya bajeti na mikono laini. Hiyo ripoti yao ni ya kufunika tu.

#35 Kipanga_wa_Dallas
😂😂 Simba tulia kidogo. Swali: 1911 kwa dola 500 inawezekana kweli au ni ndoto?

#36 Fundi_Chuma
Inawezekana, na hapo ndipo nampa Simba haki yake. Kuna mbili za kuangalia: Rock Island ya Armscor, inatengenezwa Marikina, Ufilipino (angalia historia inavyozunguka), na Tisaş ya Trabzon, Uturuki, ambayo wameifanya ifanane kabisa na 1911A1 ya vita vya pili. Zote ni za mtindo wa kijeshi wa asili, vielekezi vidogo, hazina urembo. Zote bei yake iko ndani ya mfuko wako, boksi za risasi zitakubana kidogo.

Kama una ndoto ya 1911 ya jeshi la Marekani yenyewe, ile iliyovaliwa, kuna CMP, mpango wa Marekani wa kufundisha raia shabaha, ulioanza kuziuza kwa bahati nasibu 2018. Zilianzia dola 850, na lazima uwe raia. Kwa hiyo kwako bado.

#37 Mzee_Kibali
Nawasalimu kutoka Dar. Naona mada ni ya huko ughaibuni lakini naomba niweke neno, maana vijana wanasoma kila kona. Huku kwetu hakuna kuingia dukani ukatoka na mguu wa kuku. Ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, polisi wanakuchunguza, na sababu yako ipimwe. "Nataka kwenda kulenga shabaha na marafiki" hawatakuelewa. Mnakumbuka uhakiki wa silaha wa 2016, watu walipanga foleni na vitabu vyao.

Na Kipanga, samahani kwa kukusemesha hivi mwanangu: hiyo bastola isije ikaingia kwenye kontena la mitumba kuja nyumbani. Hata kipande. Hata magazini. Wapo waliodhani ni mzaha.

#38 Buda_wa_Thika
Kenya vile vile. Bodi ya leseni ilianza kuhakiki wote upya mwishoni mwa 2018, na mtu mkubwa kwa mdogo alipanga laini.

#39 Kipanga_wa_Dallas
Shikamoo mzee. Haitatoka Texas.

#40 Baruti_Kavu
Na upande wa huku, wale wa viza za masomo wanaosoma uzi huu: kwa viza isiyo ya uhamiaji, kununua au hata kumiliki silaha ni kosa la shirikisho isipokuwa una sifa mojawapo ya zilizotajwa, mfano leseni halali ya uwindaji. Usimwombe mwenye kadi ya kijani akununulie wewe, fomu ya 4473, ile inayojazwa dukani, inamuuliza waziwazi kama ndiye mnunuzi halisi. Akidanganya, wote mnaondoka.

#41 Kobe_Taratibu
Kuna mtu aliniambia kuna leseni ya wakusanyaji, silaha inakuja mpaka mlangoni. Kweli?

#42 Baruti_Kavu
Kweli, FFL 03. Dola 30 kwa miaka mitatu. Ni ya silaha za kihistoria, zikiwemo zilizopita miaka 50 zikiwa katika hali yake ya asili. Makarov nyingi za miaka ya 60 na 70 mapema zimeshaingia humo. Lakini ni ya kukusanya, si ya kufanya biashara, na unaandika kitabu cha kila inayoingia na kutoka.

#43 Kipanga_wa_Dallas
Wakuu narudi na mrejesho. Nilikwenda renji, nikafuata la Mama Tumaini. Walikuwa na 1911 ya .45, na jamaa wa kazini akaleta Makarov ya Bulgaria na ile M57.

Makarov: nzuri mkononi, ila ukingo wa nyuma ulinisugua hapa kati ya kidole gumba na shahada. Tokarev: Baruti hukudanganya kuhusu mlio. Nilipiga vizuri kuliko nilivyotarajia, kishikio tu kimenyooka kama rula. 1911 ya .45: nilidhani itanivunja mkono, kumbe inasukuma polepole. Triga yake ndiyo imeniharibu. Sasa siwezi kuisahau.

Halafu muuzaji akaniambia kuna 1911 hiyo hiyo ya Tisaş katika 9×19. Risasi rahisi, umbo la zamani. Nafikiria hiyo.

#44 Simba_wa_Boma
Ondoa jina langu kwenye uzi huu.

#45 Mpekua_Kumbukumbu
😂 Kwa ukali wa #1, hiyo si ya kijeshi tena. Hakuna jeshi la Marekani lililoipeleka vitani ikiwa na 9mm.

#46 Mtoto_wa_Bukavu
Ndiyo maana nasema GP. Kwa nini kuvaa koti la mtu mwingine wakati GP imezaliwa na 9×19?

#47 Baruti_Kavu
Kwa mtindo huo basi anunue Tokarev ya 9×19. Zastava wanayo, M70A. Na hili si jambo geni: Hungaria iliitengenezea Misri Tokarev ya 9×19, Tokagypt 58. Mwafrika alishaliwaza hili kabla ya Kipanga.

#48 Fundi_Chuma
Tokagypt ukiipata kwa dola 500 nipigie simu nije niinunue mimi.
Kipanga, 1911 ya 9×19 ni uamuzi wa mtu anayepiga kweli, si wa kuweka kabatini. Ila kagua jambo moja: 1911 ilibuniwa kwa ganda refu la .45, na magazini za 9mm ndizo zinazoleta kukwama kwenye nyingi za bei ya chini. Nunua magazini moja nzuri ya ziada, na mia mbili za kwanza piga risasi za kichwa cha mviringo.

#49 Sajini_Mstaafu
Kijana ameuliza Makarov mkampeleka Misri.

#50 Mama_Tumaini
Kipanga, umesema kabati la chuma. Limefungwa ukutani au limekaa tu? Una watoto nyumbani?

#51 Kipanga_wa_Dallas
Wawili. Limekaa tu. Kesho naliboltia kwenye zege.

#52 Kobe_Taratibu
Mimi bado sijajibiwa vizuri kuhusu Warusi. Sajini anasema ni kwa sababu ya AK, Mpekua anasema ni slaidi, Bukavu anasema ni Wajerumani. Nimekaa na mzee mmoja Mkazakhi hapa kazini, aliwahi kuwa jeshini kwao, yeye anasema ofisa alitaka bastola isiyomchosha kiunoni na basi.

#53 Mpekua_Kumbukumbu
Mzee wako na Sajini wanasema kitu kimoja. Lakini Tokarev yenyewe ina gramu 850 na kidogo, tofauti ni kama gramu mia na ishirini. Sidhani nchi inabadilisha risasi kwa ajili ya gramu mia na ishirini.

#54 Sajini_Mstaafu
Hujawahi kuivaa kutoka alfajiri mpaka jioni, Mpekua.